Tuwalinde Samaki na Miche Wakati wa Baridi



Umeamka alfajiri. Ni mwezi wa Julai. Umefungua mlango na kutoka nje. Majani yamelowa umande. Ukungu umejaa bondeni. Ukipumua, pumzi yako inaonekana kama moshi. Unarudi ndani kuchukua shuka au koti, kisha unakaa karibu na moto.

Wewe una shuka na moto. Je, samaki wako walioko bwawani wana nini? Je, miche yako ya nyanya, ya kabichi na ya kahawa iliyoko kitaluni ina nini? Haiwezi kuja kukaa jikoni. Inakungoja wewe.

Katika somo hili tutajifunza jinsi baridi inavyowadhuru samaki na mimea michanga, na jinsi ya kuwalinda bila gharama kubwa.

1. KWA NINI HERU JUU KUNA BARIDI?

Mtu akitoka Kigoma mjini kuja Kasulu, hupanda. Ziwa Tanganyika liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari. Milima ya Buha ina sehemu nyingi zenye mita 1,200 na zaidi. Sehemu nyingine zinapita mita 1,500.

Kadiri unavyopanda juu ndivyo joto linavyopungua. Ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa digrii 6 hivi. Ndiyo maana mtu wa Ujiji akilala Heru Juu usiku wa Julai huomba blanketi la pili.

Tena kuna jambo la pili. Miezi ya Juni, Julai na Agosti ni kiangazi. Mawingu ni machache. Mchana jua huipasha ardhi joto. Usiku joto hilo hupanda juu na kupotea. Usiku wenye mawingu, mawingu huwa kama blanketi, na joto halipotei upesi. Usiku usio na mawingu wala upepo, wenye nyota nyingi, ndio wenye baridi kali.

Kuna na jambo la tatu. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya moto. Usiku hutelemka mlimani polepole, kama maji, na kujikusanya bondeni. Umewahi kushuka bondeni alfajiri kuchota maji? Bila shaka uliona kwamba kisimani kuna baridi kuliko nyumbani kwako mlimani. Basi tazama: mabwawa yetu ya samaki yako wapi? Yako bondeni, kwa sababu maji yako huko. Bustani zetu za kiangazi ziko wapi? Ziko bondeni pia. Kwa hiyo vitu vyetu vinavyochukia baridi tumeviweka mahali penye baridi zaidi. Hatukukosea, maana maji hayapandi mlimani. Lakini ni lazima tuvilinde.

2. BARIDI INAWAFANYA NINI SAMAKI?

Samaki si kama ng'ombe au mbuzi. Mwili wa mbuzi hujitengenezea joto lake. Mwili wa samaki hufuata joto la maji. Maji yakipoa, naye samaki hupoa.

Perege na sato ni samaki wa maji ya joto. Hukua vizuri maji yakiwa na joto la digrii 25 hadi 30. Maji yakishuka chini ya digrii 20, hula kidogo, hukua polepole, na hawazai vizuri. Yakikaribia digrii 16, karibu wote huacha kula. Yakishuka chini ya digrii 12 kwa siku kadhaa, wengi hufa.

Huku kwetu maji ya bwawa hayagandi. Ni mara chache samaki wakubwa kufa kwa baridi peke yake. Hasara yetu huja kwa njia nyingine. Baridi huwadhoofisha samaki, kisha jambo jingine huwaua. Zitazame njia hizi nne:

Kwanza, chakula kinachobaki. Samaki hawana hamu ya kula. Mkulima anawamwagia pumba kama kawaida. Pumba zinazama na kuoza. Uozo hutumia hewa iliyo ndani ya maji, ile ambayo samaki huivuta. Alfajiri hewa hiyo huwa imepungua sana. Samaki huja juu na kuachama midomo.

Pili, vidonda. Samaki aliyepoa akivuliwa kwa wavu, akishikwa na kurudishwa majini, magamba yake hutoka. Kidonda hakiponi upesi. Baada ya siku chache utaona utando mweupe kama pamba juu ya ngozi yake. Huo ni ukungu, na unaweza kumuua.

Tatu, ndege. Samaki waliopoa huogelea polepole. Jua likitoka hupanda juu ya maji kuota joto. Mdiria anawangoja juu ya mti.

Nne, maji kupungua. Kiangazi mfereji hupungua. Bwawa linakuwa na kina kifupi. Maji machache hupoa upesi kuliko maji mengi. Chukua kikombe cha chai na sufuria ya chai. Kipi kinapoa kwanza? Ni kikombe. Bwawa lenye kina cha magoti ni kikombe. Bwawa lenye kina cha kifua ni sufuria.

3. SOMA MAZUNGUMZO HAYA

Mmoja wenu asome maneno ya Mama. Mwingine asome maneno ya Baba. Wako kando ya bwawa lao, asubuhi na mapema, mwezi wa Julai.

BABA: Mama Watoto, lete ile ndoo ya pumba. Samaki hawa wamekonda. Leo nitawapa mara mbili.

MAMA: Baba Watoto, hebu tazama hapa pembeni kwanza. Hizi si pumba za jana?

BABA: Ni za jana. Na hizi chini ni za juzi.

MAMA: Basi wamekonda kwa kukosa chakula, au kwa kukataa chakula?

BABA: Ukisema hivyo, wamekataa. Lakini mbona Machi walikuwa wakigombania?

MAMA: Machi ulikuwa unaoga mtoni asubuhi. Leo utaoga?

BABA: Siwezi! Maji ni kama ya barafu.

MAMA: Nao ndimo wamelala usiku kucha. Mtoto akiwa na homa hatumlazimishi ugali. Tungoje jua lipande.

BABA: Nilitaka tuwavue wiki hii tuuze. Shule zikifunguliwa mtoto anahitaji sare na madaftari.

MAMA: Tukiwavua leo tutapata samaki wadogo, na bei itakuwa ndogo. Wadogo tutakaowarudisha watakuwa na vidonda. Kuku wawili wanaweza kununua madaftari. Sare yake ya zamani nitaishona kiraka. Samaki tuwaache hadi Oktoba.

BABA: Na kama watakufa kabla ya Oktoba?

MAMA: Ndiyo sababu nasema tuache kumwaga pumba, tukate yale matawi yanayoziba jua, tuongeze na maji. Tukikaa tu, watakufa. Tukifanya kazi, watapona.

BABA: Haya. Nipe panga.

Fikiri: Baba hakuwa mvivu wala mjinga. Alitaka kuwapa samaki chakula zaidi. Lakini wema usio na maarifa ungewaua samaki wake. Mama alifanya nini ambacho Baba hakufanya? Alitazama kwanza.

4. MAMBO NANE YA KUFANYA BWAWANI

(1) Ongeza kina kabla ya baridi. Mwezi wa Mei, mvua zikiisha, ondoa tope lililojaa na ziba mahali panapovuja. Upande wa maji machache uwe na sentimita 70 hadi 80. Upande wa kutolea maji uwe na mita 1.2 hadi 1.5. Usiku samaki watakwenda upande wenye kina.

(2) Usiyaache maji yapite mchana kutwa na usiku kucha. Watu wengi hufikiri maji yanayoingia na kutoka daima ni mazuri. Wakati wa baridi maji ya kijito yanayopita bwawani huondoa joto lote la mchana. Huondoa pia ule ukijani ambao ni chakula cha samaki. Fungua mfereji ili kufidia maji yaliyopungua tu, kisha ufunge.

(3) Ingiza maji mchana. Fungua mfereji saa 7 au saa 8 mchana, maji ya kijito yakiwa yamepata jua. Yaingie polepole. Usifungue alfajiri, isipokuwa samaki wanaachama juu ya maji kwa kukosa hewa. Hapo fungua mara moja, maana kukosa hewa huua upesi kuliko baridi.

(4) Acha jua liingie. Simama bwawani asubuhi utazame jua linatokea wapi. Kata matawi yanayoziba jua upande huo. Usipande mikaratusi karibu na bwawa. Huziba jua na hunywa maji mengi.

(5) Zuia upepo. Upepo unaopita juu ya maji huondoa joto. Panda matete upande unaotoka upepo, hatua chache kutoka ukingo wa bwawa. Yasiwe upande wa jua la asubuhi. Tena matete ni chakula cha ng'ombe na mbuzi.

(6) Punguza chakula. Lisha mara moja tu kwa siku, kati ya saa 5 na saa 8 mchana, wakati maji yamepata joto. Mwaga kidogo, mahali pale pale kila siku. Simama utazame kwa dakika 15. Wakimaliza, ongeza kidogo. Wasipomaliza, kesho punguza. Siku ya mawingu na ubaridi, wasipokuja kula, usilishe kabisa. Samaki mkubwa hafi kwa kukosa chakula siku mbili au tatu.

(7) Punguza samadi. Samadi hulisha ule ukijani wa maji. Lakini wakati wa baridi huoza polepole na kujikusanya chini. Jipime hivi: tumbukiza mkono wako majini hadi kwenye kiwiko, kiganja kikiwa kimenyooka. Kiganja kikianza kupotea machoni wakati maji yamefika kwenye kiwiko, ukijani unatosha. Kikipotea maji yakiwa bado kwenye kifundo cha mkono, ukijani umezidi. Acha samadi.

(8) Usiwasumbue. Usivue kwa wavu asubuhi ya baridi. Usihamishe vifaranga Juni wala Julai ikiwa unaweza kungoja. Wapande Septemba au Oktoba maji yakianza kupata joto. Ikibidi kuvua, vua saa 8 mchana, na usirudishe samaki waliojeruhiwa. Wale ni mboga ya jioni.

Jambo moja la kuongeza. Mvua zikianza, mara nyingine huja mvua ya mawe. Maji ya baridi huanguka bwawani kwa wingi na kuzama. Maji ya chini yenye uozo hupanda juu. Samaki wanaweza kukosa hewa kwa saa chache tu. Baada ya mvua ya namna hiyo nenda bwawani. Ukiwaona wanaachama, fungua mfereji, chota maji kwa ndoo na uyamwage kutoka juu ili yachukue hewa. Wewe na jirani yako mnaweza kufanya zamu. Usilishe siku hiyo.

5. KWA WENZETU AMBAKO MAJI HUGANDA

Katika nchi za Ulaya watu wengi huwa na mabwawa madogo katika bustani zao, yenye samaki wa kupendeza macho. Miezi ya Desemba hadi Februari maji ya juu huganda na kuwa barafu ngumu. Je, samaki hao hawafi?

Wengi hawafi, ikiwa bwawa lina kina. Sababu yake ni ya ajabu. Vitu vingi vikipoa huwa vizito zaidi. Maji nayo huwa mazito yanapopoa, lakini yakifika digrii 4 hubadilika. Yakizidi kupoa huwa mepesi. Kwa hiyo barafu huelea juu, na maji ya digrii 4 hubaki chini. Samaki wa nchi zile wamezoea baridi. Hukaa chini kimya, bila kula, hadi baridi ipite.

Wenye mabwawa hayo hufanya mambo mawili. Huacha kulisha. Tena huhakikisha kuna tundu katika barafu ili hewa mbaya itoke. Hawapigi barafu kwa nyundo, kwa sababu mshindo hupita majini na kuwaumiza samaki. Huweka juu yake sufuria yenye maji ya moto, nayo barafu huyeyuka polepole.

Perege wetu hawawezi maji ya namna hiyo. Lakini somo ni moja: kina cha kutosha, chakula kidogo, utulivu.

6. BARIDI INAIFANYA NINI MIMEA MICHANGA?

Mimea si sawa. Kabichi, vitunguu, karoti na njegere huvumilia baridi. Nyanya, pilipili, maboga, maharage, viazi vitamu na migomba huchukia baridi. Miche ya kahawa ni kama watoto wachanga: ikikua huwa na nguvu, lakini mwanzoni hudhurika upesi.

Baridi ya kawaida hudumaza mche. Majani huwa ya njano. Mizizi hailishi vizuri. Udongo ukiwa na baridi na umelowa usiku kucha, miche huoza shingoni na kuanguka.

Baridi ikizidi huja jalidi, ambayo wengine huiita sakitu. Umande huganda na kuwa mweupe juu ya majani. Maji yaliyomo ndani ya jani nayo huganda na kupasua nyama ya jani. Jua likitoka, jani huwa jeusi kama lililounguzwa kwa moto.

Jalidi inajulikana sana Njombe, Makete na Mufindi, ambako huunguza viazi, mahindi na chai miezi ya Juni hadi Agosti. Nchini Kenya, Januari 2012, jalidi iliunguza chai sehemu za Kericho na Nandi. Na katika nchi ya Brazil, Julai 1975, usiku mmoja wa jalidi kali uliharibu karibu mashamba yote ya kahawa ya jimbo la Paraná. Kahawa ikawa adimu duniani, na bei ikapanda sana mwaka 1976 na 1977. Hata wakulima wa kahawa wa Afrika Mashariki waliona bei hiyo. Ona jinsi baridi ya usiku mmoja inavyoweza kugusa mfuko wa mtu aliye ng'ambo ya bahari.

Kwetu Buha jalidi si jambo la kila mwaka kama Makete. Lakini mche hauhitaji jalidi ili udumae. Mche wa kahawa hukaa kitaluni miezi mingi, na baada ya kupandwa unangojewa miaka mitatu hivi kabla ya mavuno ya kwanza. Ukipoteza miche yako mwaka huu, umepoteza miaka, si miche tu.

7. JINSI YA KUILINDA MICHE

Chagua mahali. Usiweke kitalu katika sehemu ya chini kabisa ya bonde. Kiweke juu kidogo, kwenye mtelemko unaopata jua la asubuhi, ambako bado unaweza kubeba maji. Hatua hamsini za kupanda zinaweza kuokoa kitalu chako.

Fungua njia ya hewa baridi. Kumbuka, hewa baridi hutelemka kama maji. Ukijenga ua mzito upande wa chini wa bustani, umeijengea hewa hiyo bwawa. Acha nafasi upande wa chini ipite. Ua mzito uwe upande wa juu.

Jenga kichanja. Simika nguzo nne zenye panda, zenye urefu wa kiunoni. Laza miti juu yake. Sokota nyasi kavu au majani makavu ya migomba uwe mkeka. Jioni, kabla jua halijazama, funika. Saa 3 asubuhi, jua likishapanda, funua. Mkeka usiguse majani ya miche.

Kwa nini mkeka husaidia? Fikiri makaa ya jikoni. Usiku ukiyafunika kwa majivu, asubuhi unayakuta yangali na moto. Udongo nao una joto la mchana. Ukiufunika, joto halitoroki. Lakini usisahau kufunua. Miche inayokaa gizani hurefuka, hupauka na kuanguka.

Mwagilia asubuhi. Ngoja jua lipande, ndipo umwagilie. Udongo wenye unyevu hushika joto la mchana kuliko udongo mkavu. Usimwagilie jioni, kwa maana majani yatalala yamelowa.

Ikazoeze miche. Wiki mbili kabla ya kuihamisha shambani, punguza kuifunika kidogo kidogo. Mche uliozoea hauna woga wa baridi.

Usiwashe moto bustanini. Wengine hudhani moshi hufukuza baridi. Moshi husaidia kidogo mno, na nyasi za kiangazi zinawaka upesi. Utaokoa nyanya na kuchoma kijiji.

Usikate haraka. Mmea ukiunguzwa na baridi, usiukate siku ile ile. Majani yaliyokufa bado yanaikinga sehemu iliyo hai. Ngoja wiki kadhaa hadi uone machipukizi mapya. Ndipo ukate sehemu iliyokufa.

8. TUFANYE KAZI PAMOJA

Maji ya mfereji ni ya watu wengi. Ukiyafunga usiku na kuyafungua mchana, jirani yako wa chini naye anahitaji maji. Pangeni zamu. Andikeni zamu hizo kwenye karatasi na kuibandika mahali ambapo wote wataisoma. Sasa mnajua kusoma na kuandika. Kusoma huko kulinde maji yenu.

Tena uwe na daftari la bwawa. Kila siku andika mambo matatu: hali ya hewa, kiasi cha chakula ulichotoa, na idadi ya samaki uliowakuta wamekufa. Bwana samaki au bibi shamba akija, mwonyeshe. Atajua tatizo lako upesi kuliko kukisia. Na mwaka ujao, Mei ikifika, daftari litakukumbusha yale ambayo kichwa kimesahau.

MASWALI

1. Kwa nini bondeni kuna baridi kuliko mlimani usiku?
2. Taja njia nne ambazo baridi huleta hasara bwawani.
3. Ni saa ngapi inafaa kulisha samaki wakati wa baridi? Kwa nini?
4. Samaki wanaachama alfajiri. Utafungua mfereji au utangoja mchana? Eleza.
5. Kwa nini ni lazima kufunua kitalu asubuhi?
6. Kwa nini barafu huelea juu ya maji?

HESABU

1. Shamba la kwanza liko mita 500 juu kuliko shamba la pili. Ikiwa joto hupungua digrii 6 kwa kila mita 1,000, shamba la kwanza lina digrii ngapi pungufu? (Jibu: 3.)

2. Bwawa lina urefu wa mita 10 na upana wa mita 10. Kila mita ya eneo ina samaki 2. Samaki wote ni wangapi? (Jibu: 200.)

3. Kila samaki ana uzito wa gramu 50. Wote wana kilo ngapi? (Jibu: kilo 10.)

4. Wakati wa joto unawapa gramu 3 za chakula kwa kila gramu 100 za uzito wao. Wakati wa baridi unawapa gramu 1. Kila siku watakula gramu ngapi wakati wa joto, na gramu ngapi wakati wa baridi? (Jibu: 300 na 100.)

5. Kwa siku 30 za baridi utaokoa kilo ngapi za pumba? (Jibu: kilo 6.) Ukizinunua kwa shilingi 500 kila kilo, umeokoa shilingi ngapi? Je, zinatosha madaftari mangapi dukani kwenu?

MANENO YA KUKUMBUKA

Jalidi: umande ulioganda kwa baridi.
Kitalu: mahali pa kukuzia miche kabla ya kuipanda shambani.
Kichanja: paa la miti na nyasi lililojengwa juu ya nguzo.
Vifaranga: samaki wadogo wa kupanda bwawani.
Kudumaa: kukosa kukua.

KAZI YA KIKUNDI

Wiki hii darasa lote litembelee bwawa moja la kijiji mara mbili: mara ya kwanza saa 12 asubuhi, mara ya pili saa 8 mchana. Tumbukizeni mikono majini. Tazameni samaki wako wapi. Tazameni jua linafika wapi na kivuli cha nani kinaziba. Mkirudi, kila mmoja aandike sentensi tano juu ya aliyoyaona, na jambo moja atakalolifanya yeye mwenyewe kabla ya Jumapili.

Baridi huja kila mwaka, nasi hatuwezi kuizuia. Lakini mtu anayetazama mapema, akaandika, akatenda, Oktoba atakuwa na samaki wa kuuza na miche ya kupanda.